Mzaha wa Upande Mmoja si Utani

"Ni utani tu." Sijui maneno matatu yanayosemwa kwa wepesi zaidi katika mji huu wa Isiolo, wala yanayoficha mengi zaidi. Husemwa sokoni, mchuuzi anapomwambia mteja wake Mturkana kwamba umeme ukipotea usiku atatafutwa kwa meno. Husemwa stendini, utingo anapomwita abiria Msomali "Waria" na kumwuliza iwapo alichobeba mkobani ni bomu. Husemwa hata katika chumba cha walimu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, pale daftari la mahudhurio linapopita mkono kwa mkono na mwalimu mzima, mwenye shahada yake, akacheka jina la mtoto kwa kuwa ulimi wake umeshindwa kulitamka. Anayelalamika huambiwa kwamba hajui utani. Hivyo mtu huyo hutukanwa mara mbili: kwanza kwa ngozi yake, kisha kwa kukataa kucheka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na makazi yangu ni mtaa wa Chechelesi. Ninapotoka nyumbani asubuhi kwenda kazini husikia Kiturkana, Kiborana, Kimeru na Kisomali kabla sijaifikia barabara kuu, na Kiswahili kikiwaunganisha wenye lugha hizo wote. Kiswahili hicho hicho ndicho kinachotumiwa kutukania. Kwa sababu hiyo nimeona ni wajibu wangu, nikiwa mtu anayelipwa mshahara kwa ajili ya lugha hii, kulitetea neno lake moja ambalo limetekwa nyara mchana kweupe.

Yamkini msomaji ataniuliza mbona nataja ubaguzi wa rangi mahali ambapo wengine wangesema ukabila. Ukabila tuliouzoea katika siasa zetu huuliza jina kwanza. Ukishalitaja jina la babako, hukumu imekwisha kupita. Huku kwetu mtu husomwa usoni kabla hajafungua kinywa. Hutazamwa weusi wake, wembamba wa pua yake, ulaini au ugumu wa nywele zake. Askari wa kizuizini hapotezi wakati kuuliza kabila, hutupa macho ndani ya basi, akanyosha kidole, akasema, "Wewe, shuka." Wala wanaodhulumiwa kwa namna hii hawana kinga ya kutodhulumu wengine. Katika Kisomali lipo neno "jareer", maana yake nywele ngumu, ambalo kwa miaka mingi limetumiwa kuwadunisha Wasomali wenye asili ya Kibantu. Mabaguzi si lazima wawe weupe. Inatosha wawe na kipimo cha sura mkononi na watu wa kuwacheka pamoja nao.

Kipimo hicho hakikuota chenyewe. Serikali ya kikoloni iliwapanga wakazi wa Kenya kwa madaraja, Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini, na kila daraja likawa na kodi yake, hospitali yake na shule zake. Mwaka 1919 ilipitishwa sheria iliyowatoa baadhi ya Wasomali katika kundi la "wenyeji" kwa mambo fulani fulani. Miongoni mwao walikuwamo Waisaaq, ambao wengi wao walikuwa askari waliopigania Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha wakafanya makao hapa Isiolo. Katika miaka ya 1930, serikali ilipowapangia kodi ya kichwa iliyokuwa chini ya ile ya Waasia, walikataa katakata. Walidai watozwe ile kubwa! Waliandika barua, wakatuma wajumbe, wakagoma kulipa kidogo. Wanafunzi wangu hucheka kila ninapowasimulia kisa hiki, nami huwaacha wacheke mpaka wachoke, kisha huwauliza serikali iliwafanyia nini watu wale hata wakaona kutozwa zaidi ni heshima. Aghalabu darasa hunyamaza hapo. Wengine huwa wameanza kuona kwamba kichekesho na kilio vilikaa nyumba moja.

Baada ya hapo mambo hayakuwa mepesi. Tangu sheria ya 1902, maeneo ya kaskazini yalikuwa yamefungwa, na mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 ulikuja pamoja na vita vya shifta, vilivyodumu hadi 1967. Waborana wa hapa Waso, waliokusanywa na serikali katika vijiji vya kulindwa na kupoteza mifugo yao, mpaka leo wanakiita kipindi kile "gaafa dhaabaa", yaani wakati wa kusimamishwa. Sheria za hali ya hatari hazikuondolewa kaskazini hadi mwaka 1991. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa kujiandikisha upya na kubeba kadi yao ya pekee, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Muda wote huo lami ya Kenya ilikoma hapa Isiolo. Mbele ya kizuizi kulikuwa na vumbi, na aliyetoka katika vumbi alitazamwa kama mtu aliyetoka nchi nyingine.

Watu wa kaskazini walilijibu hilo kwa njia yao. Msafiri aliyetoka Nairobi akafika Marsabit au Wajir aliamkiwa kwa heshima zote, akakaribishwa chai, kisha akaulizwa, "Habari ya Kenya?" Nimeisikia salamu hiyo mara nyingi, na kila mara mgeni huanza kujibu kwamba Kenya ni nzuri tu, kabla hajashtuka na kutambua kwamba yuko Kenya bado. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemhutubia kuhusu bajeti wala barabara. Mwenyeji amechukua maneno ambayo serikali ilimwambia kwa vitendo miaka nenda miaka rudi, akayarudisha katika kikombe cha chai. Mimi naihesabu salamu hiyo miongoni mwa kazi bora za sanaa zilizowahi kutungwa kaskazini mwa nchi hii, japo haina mtunzi wala tarehe.

Sasa turejee kwa neno lenyewe. Utani halisi umekomaa zaidi kusini mwa mpaka wetu, nchini Tanzania, na katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikusanya habari zake nyingi kutoka makabila mbalimbali. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na asili yake hutajwa kuwa misafara ya biashara iliyoshuka kutoka bara hadi pwani katika karne ya 19. Wangoni na Wahehe ni watani pia, ilhali hao walikuwa wamepigana vita vikali katika karne hiyo hiyo. Kumbe watu waweza kutoka katika kumwagiana damu wakafika mahali pa kuchekana. Mtani huja msibani akamkejeli marehemu mbele ya jeneza, akalala kaburini akikataa kutoka mpaka alipwe, akabeba jogoo wa wafiwa na asiitwe mwizi. Huyo huyo ndiye anayechimba kaburi na kupika chakula wakati wafiwa wamezidiwa na majonzi.

Utani huo una sheria zake, na sheria ya kwanza ni kwamba unakwenda pande zote mbili. Mnyamwezi akimcheka Mzaramo leo, ajue Mzaramo atamcheka kesho, tena mbele ya wakwe. Sheria ya pili ni kwamba haukasirikiwi, kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake inakuja. Sheria ya tatu ni kwamba unabeba wajibu: ukinicheka, siku ya kufa kwangu uje na jembe. Hata katika jamii zetu nyingine tunaujua utani wa babu na mjukuu, pale babu anapomwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na mtoto akamjibu kwamba hataki mume asiye na meno. Wote wawili hucheka kwa sababu wote wawili wana silaha sawa.

Mpime kwa kipimo hicho mchuuzi wetu wa sokoni. Mturkana anayeambiwa atatafutwa kwa meno, je, ana haki ya kumjibu mchuuzi kwa neno la uzito ule ule, na akacheka mchuuzi? Na ikiwa mteja yule amefiwa, mchuuzi atakwenda na jembe? Kama jibu ni hapana, basi hapo hapana utani. Hiyo ni kejeli, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Yafaa pia tukumbuke kwamba katika baadhi ya lugha za huku, mgeni na adui wanakaribiana mno. Mturkana humwita mtu wa nje "emoit", na neno hilo hilo ni adui. Mborana ana "nyaapa", yaani adui, na jirani aliyegombana naye malishoni huitwa kwa jina hilo. Sijasikia kwamba Waturkana na Waborana wa Isiolo wamewahi kuwekeana utani wa jadi mfano wa ule wa Wangoni na Wahehe. Walichowekeana ni mashaka, na mwaka 2011 na 2012 mji huu ulishuhudia mapigano yaliyowaua watu na kuwahamisha wengi. Kwa hiyo, kama tunautaka utani wa kweli, itatubidi kuujenga sisi wenyewe, na sioni mahali panapofaa zaidi kuliko darasani, ambamo mtoto wa Mturkana na mtoto wa Mborana hukalia dawati moja watake wasitake.

Nitatoa mfano mmoja. Mwaka 2016 nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, kijana Mturkana mwenye akili nyingi na maneno machache. Wenzake walimwita "Lami". Ngozi yake ilikuwa nyeusi sana, tena yenye kung'aa, na jina likamganda. Liliandikwa kwenye dawati lake, likaandikwa kwenye ukuta wa choo, na hata mpishi akamwita hivyo wakati wa kugawa githeri. Muhula wa pili kijana alianza kutohudhuria siku za Ijumaa, kisha Alhamisi, na mamake alipokuja shuleni alinieleza kwa upole, "Mwalimu, mtoto anasema afadhali mbuzi, kwa sababu mbuzi hawana majina ya watu."

Ningeweza kumpeleka kwa naibu wa mwalimu mkuu yule aliyeanzisha jina, akachapwa au akapewa adhabu ya kufyeka nyasi. Nimewaona wengi walioadhibiwa hivyo, na jina halikufa. Lilihamia tu mahali ambapo mwalimu hasikii. Wakati huo tulikuwa tukifundisha ngonjera, utanzu ambao Mathias Mnyampala wa Tanzania aliuendeleza katika miaka ya 1960 na ambao, kwa maoni yangu, umedharauliwa mno katika shule zetu kwa kuonekana kuwa ni wa kukariri siku za sherehe. Ngonjera ina jambo moja ambalo mjadala wa kawaida hauna: mshairi wa kwanza akimaliza ubeti wake, lazima anyamaze. Umbo lenyewe linampa mpinzani zamu. Niliwapanga wawili wawili, nikatoa sharti kwamba kila mmoja atunge ubeti juu ya jina la kupanga alilopewa au alilompa mwenzake, na kwamba vina na mizani vitasahihishwa bila huruma. Yule kijana nilimpanga na aliyembandika jina, Mmeru mcheshi ambaye darasa zima lilimfuata kama vifaranga.

Kijana alisimama. Hakumtazama mtu. Alisoma hivi:

Mwaniita mimi lami, kwa weusi wa usoni,
Mliomba kwa ulimi, ifike huku nyumbani,
Imefika hamkwami, matopeni mchangani,
Leo mwaicheka nini, njia mnayopitia?

Sharti msomaji aelewe kwamba wakati ule lami ilikuwa imekwisha kuvuka Merille ikielekea Marsabit na Moyale, na hapakuwa na nyumba Isiolo ambayo haikuwa ikiizungumzia. Malori yaliyokuwa yakikwama siku kadha wa kadha sasa yalipita yakipiga honi. Kwa hiyo kijana alipoketi, darasa lilinyamaza kwa muda wa pumzi moja, kisha likapasuka. Walipiga madawati. Hawakuwa wakimcheka. Walikuwa wakicheka kwa sababu amewashika.

Mmeru naye alikuwa na ubeti wake tayari, lakini aliukunja akautia mfukoni, akaomba dakika tano. Sikumnyima. Aliporudi mbele alisoma huu:

Nakubali we ni njia, nami gari la miraa,
Mbio nikikufikia, matuta umeyavaa,
Gari langu laumia, taa zimenikataa,
Nifungulie mwenzangu, nipite salama nami.

Kwa wasioijua nchi yetu, magari yanayobeba miraa kutoka Meru yana sifa ya kukimbia kana kwamba yanafukuzwa na shetani. Kijana yule alijitia mwenyewe katika mzaha ambao wengine hulitupia kabila lake, na hapo ndipo nilipojua kwamba kimetokea kitu ambacho kiboko hakikiwezi. Amejitoa juu ya jukwaa na kushuka hadi mahali pa mwenzake. Jina "Lami" halikwisha; litakwishaje? Lakini tangu siku ile yule Mmeru aliitwa "Miraa" kila alipolitamka, na majina hayo mawili yakawa yanakwenda pamoja kama watani wa kweli. Ijumaa iliyofuata kijana wa Chechelesi alikuja shuleni.

Ningependa kuishia hapo, msomaji aondoke akitabasamu. Hata hivyo, katika darasa hilo hilo alikuwamo msichana Msomali ambaye wenzake walimwita "Shababi", na siku ya ngonjera alinijia mapema akaniambia, "Mwalimu, mimi sina ubeti." Nilimwelewa. Mwaka mmoja kabla, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walikuwa wameuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Je, mtu atatunga kichekesho gani juu ya jambo hilo? Weusi ni weusi, waweza kufananishwa na lami, na usiku, na wino wa kitabu. Kuitwa muuaji hakuna tashbihi yake ya kuchekesha. Ukicheka umekubali, usipocheka umethibitisha.

Hapo sanaa ilifika mwisho wa kamba yake, ikabaki mazungumzo. Nilimwita yeye na mvulana aliyezoea kumwita hivyo, tukaketi chini ya mti nyuma ya maabara, na sikuwaambia wapatane. Niliwaomba kila mmoja amweleze mwenzake jambo moja ambalo mwenzake halijui. Mvulana alisema kwamba kijijini kwao, Meru, walizika mtu aliyefia Garissa, na kwamba yeye mwenyewe alibeba maji ya kaburi. Msichana alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akasema kwamba Aprili ya 2014, wakati wa ile operesheni ya Usalama Watch, mamake alikamatwa Eastleigh alikokwenda kununua nguo za duka, akafungiwa katika uwanja wa Kasarani pamoja na maelfu ya wengine, ilhali kitambulisho chake kilikuwa mkobani. Alipoachiliwa hakuambiwa kosa lake.

Hawakukumbatiana. Sikuona machozi. Mvulana aliuliza swali moja tu, kwamba huko uwanjani watu walilala wapi, naye akajibiwa kwamba walilala sakafuni. Wakarudi darasani. Kuanzia siku hiyo hakumwita "Shababi" tena, ingawa pia sikuwahi kuwaona wakiketi pamoja hadi walipomaliza kidato cha nne. Sijui kama hayo ni mafanikio. Nayaandika yalivyo kwa sababu nimechoshwa na makala za amani ambamo kila ugomvi huisha kwa wimbo.

Lipo swali ambalo mwalimu mwenzangu, mama mwenye hekima na ulimi mkali, aliniuliza baadaye, nami nimekaa nalo miaka mingi: kwa nini aliyetukanwa ndiye aliyepewa kazi ya kutunga? Mzigo wa kuchekesha unawaangukia kila siku wale wale wanaoumizwa. Mwaka 2014, mchezaji Dani Alves wa Brazil alirushiwa ndizi uwanjani na shabiki nchini Uhispania. Aliiokota, akaimenya, akaila, akapiga kona yake. Dunia ilishangilia, na ni kweli lilikuwa jibu la ajabu. Lakini Alves alikuwa mtu mzima, maarufu, tajiri, mwenye timu nzima nyuma yake. Nani atathubutu kumwambia mtoto wa miaka 14 kwamba naye ale ndizi yake? Marehemu Binyavanga Wainaina alipoandika mwaka 2005 ile insha yake ya kejeli inayowafundisha waandishi wa kigeni namna ya kuiandika Afrika, alikuwa amekwisha kuinoa kalamu yake kwa miaka mingi. Kejeli ya namna ile ni kazi ya fundi. Si haki kuidai kwa kila anayepigwa.

Jibu nililompa mama yule, baada ya kulitafakari, ni kwamba kazi kubwa zaidi ni ya wale wanaosikiliza. Tazama vizuri jinsi jina baya linavyoishi. Anayelisema ni mmoja, anayeambiwa ni mmoja, na thelathini wanacheka. Wakiacha kucheka, jina hufa njaa. Mbrazili mwingine, Augusto Boal, alianzisha katika miaka ya 1970 aina ya tamthilia ambamo mtazamaji anaruhusiwa kupiga kelele "Simama!", akapanda jukwaani na kuchukua nafasi ya mhusika ili aone kama mambo yangeweza kwenda vingine. Nimeijaribu darasani bila gharama yoyote. Tunaigiza kizuizi cha barabarani, au foleni ya duka, au chumba cha walimu (hilo la mwisho huwafurahisha kupita kiasi), na kila mara ninawakataza kuchukua nafasi ya anayedhulumiwa. Wachukue nafasi ya abiria wa pembeni. Ajabu ni kwamba hawajui la kusema! Wanafunzi waliojaa maneno hubaki wamesimama, mikono inaning'inia. Mara moja msichana mmoja, akiigiza abiria, alipoona askari anamshusha jirani yake, aliinuka akasema tu, "Afande, sote tushuke, tunyooshe miguu," na basi zima la viti vya darasa likashuka. Askari wa kuigiza alibaki na tochi yake mkononi, hana wa kummulika.

Ni kweli kwamba kizuizi cha darasani hakina bunduki. Mtu asidhani ninawashauri vijana wafanye ucheshi na askari usiku wa manane. Askari si mtani. Hana zamu ya kuchekwa, wala hatakuja msibani na jembe. Wakazi wa Eastleigh waliosema kwamba polisi wamewafanya mashine za kutolea pesa walikuwa wakichekesha wao kwa wao, nyumbani, milango ikiwa imefungwa. Mambo ya kizuizi yanahitaji sheria, na sheria tunazo. Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, kabila na asili, na sheria ya mwaka 2008 ya uwiano wa kitaifa inaadhibu uchochezi wa chuki. Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kukomeshwa kwa ule uchunguzi wa ziada waliofanyiwa vijana wa kaskazini walipoomba vitambulisho, wakaulizwa majina ya babu wa babu zao huku wenzao wa Nyeri wakiulizwa tarehe ya kuzaliwa tu. Hakuna ngonjera ambayo ingeliondoa jambo hilo. Lakini hakuna sheria itakayoingia katika foleni ya githeri.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo, la mwezi wa Januari. Siku ya kwanza ya muhula, kabla ya vitabu na kabla ya ratiba, fungueni daftari la mahudhurio na mwombe kila mwanafunzi asimame awafundishe wenzake kulitamka jina lake la nyumbani, na aseme maana yake. Mwalimu naye ajifunze, akosee, achekwe. Kwa dakika hizo chache zamu ya kuchekwa inakuwa yake, na sijaona mwalimu aliyekufa kwa hilo. Majina yanayoitwa magumu hulainika yakishapita katika vinywa arobaini.

Mwaka huu nimelifanya zoezi hilo kama kawaida. Ilikuwa Januari kavu, upepo ukipeperusha vumbi mpaka ndani ya darasa. Mvulana Mturkana alieleza kwamba Ekiru ni aliyezaliwa wakati wa mvua. Baada ya wengine wachache akasimama Mborana, akasema kwamba Roba ni mvua. Kulisikika kicheko kidogo cha mshangao. Msichana Mmeru aliyekaa nyuma akainua mkono bila kungoja zamu yake, akasema kwamba lake, Kambura, linatokana na mbura, nayo mbura kwa Kimeru ni mvua. Tulipomfikia Msomali aitwaye Roble, darasa zima lilikuwa limekwisha kugeuka kumtazama, naye akatikisa kichwa akicheka, na kabla hajasema lolote walimjibia wote kwa sauti moja: "Mvua!"